Kliniki ya sheria ya bure: niliwapelekea bili ya pauni 6,400 ya "kuacha kazi mapema"

Nyota nne kati ya tano. Nimeanza na hio manake najua wengi wenu mtasoma juu tu alafu mkimbilie shifti. Ile nyota moja niliyoitoa ntawaambia ni ya nini huko mbele, na si ndogo.

Jina la kliniki silitaji. Iko kwenye mji wetu huku kaskazini mwa England, iko chini ya chuo kikuu, inafunguliwa jioni moja kwa wiki wakati wa masomo tu, wanafunzi wakienda likizo nayo inafungwa. Kliniki za namna hii ziko miji mingi yenye chuo kwa hivyo nikiwaeleza ya huku kwetu, ya huko kwenu nayo itakuwa karibu hivyo hivyo.

Huduma yenyewe ni hivi. Unajaza fomu mtandaoni, unaeleza shida yako kwa kifupi, wanakupigia baada ya siku kadhaa kuhakikisha kwamba mwajiri wako si mtu wanayemhudumia wao, alafu unapewa miadi. Ukifika unakutana na vijana wawili wanaosomea uwakili, hao ndio wanaokuhoji na kuandika, na pembeni amekaa wakili kamili anayewasimamia. Siku ya kwanza hawakupi jibu la mwisho, wanakwenda kusoma, alafu barua ya ushauri inakuja kwa imeili baada ya wiki mbili hivi. Hulipi hata senti. Wakili wa kulipa niliyempigia kabla yao alinitajia pauni 250 kwa saa hata sijamaliza kujitambulisha, nikamwambia ahsante sana, nikakata simu.

Sasa hio bili. Mimi ni kea, mtunza wazee, nilikuja na visa ya Health and Care, COS yangu (hati ya mwajiri ya kukudhamini visa) imetolewa Februari 2025 na kampuni kubwa tu inayohudumia wazee majumbani, imeandikwa wazi saa 39 kwa wiki. Saa 39 nilizionea kwenye karatasi. Nilikuwa napewa 20, wiki nyingine 16, na muda wa kungoja basi kutoka kwa mzee mmoja hadi mwengine haumo kwenye peslipu. Nimevumilia mwaka, nikapata kampuni nyingine, wakanipa COS mpya, visa ikatoka, ndio nikaandika notisi. Wiki hio hio meneja akanitumia imeili yenye jedwali. Ada ya COS pauni 239, tozo ya serikali ya kuleta mfanyakazi kutoka nje pauni 3,000, visa 284, tiketi ya ndege 620, mafunzo 1,200, na mstari wa mwisho umeandikwa "utawala", pauni 1,057. Jumla 6,400. Hakuna risiti hata moja. Chini yake: usipolipa ndani ya siku saba tutakata mshahara wako wa mwisho na tutaiarifu Home Office (wizara ya huku inayoshika mambo ya visa).

Na kweli sahihi yangu iko pale. Ule ukurasa wa marejesho haukuwemo kwenye ofa niliyotumiwa Mombasa, niliwekewa mezani siku ya pili baada ya kufika, sanduku bado limefungwa na kazi yangu ya nyumbani nishaiacha. Unasema ukiondoka kabla ya miaka mitatu unalipa zote. Zote, yaani ukiondoka mwezi wa pili au mwezi wa thelathini na tano ni 6,400 ile ile.

Basi huko kwenye magrupu ya wasapu nilipata majibu ya aina mbili. Kuna wa "hio karatasi ni takataka, usilipe hata peni, blok huyo meneja". Na kuna wa "lipa tu dada, utarudishwa Kenya na pingu". Kliniki ndio mahali pa kwanza ambapo mtu aliniambia kwamba wote wawili wamekosea, na alinionyesha kwa nini, ndio maana nawapa nyota nne.

Wale vijana walikuwa na adabu lakini waliogopa kusema lolote, kila jibu "tutaliangalia". Aliyenifurahisha ni yule wakili, mama mmoja wa makamo, ambaye alisikiliza nusu saa bila kuingilia alafu akauliza swali moja: "COS yako ilitolewa tarehe gani?" Nikamwambia. Akachukua ile kalamu ya wino wa njano ya kupaka mistari, akavuta jedwali la meneja, akaanza kupaka.

Wa kwanza ile 3,000. Hio ni pesa serikali inamtoza mwajiri, kwa kampuni kubwa ilikuwa pauni 1,000 kwa kila mwaka wa visa, na kanuni za udhamini zinakataza kabisa kumbebesha mfanyakazi. Akapaka. Alafu ile 239 ya COS na ile 1,057 ya "utawala". Hapo ndipo tarehe ilipokuwa na maana: kwa COS zilizotolewa kuanzia 31 Desemba 2024, mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi ada ya COS, wala ada ya leseni yake ya udhamini, wala gharama za kiofisi zinazoambatana nazo. Yangu ya Februari 2025 imo. Mwenzangu niliyekuja naye ndege moja kuanza kampuni nyingine, COS yake ni ya Novemba 2024, yeye ulinzi huo wa ada ya COS haumgusi, wa ile tozo kubwa unamgusa. Miezi mitatu tu baina yetu. Kwa hivyo kabla ya kumpa mtu ushauri wa wasapu muulizeni tarehe kwanza.

Mistari mitatu imepakwa njano, pauni 4,296 zimeshuka, na chai yangu bado ya moto.

Hapo nikadhani tumemaliza. Yule mama akaniambia pole pole, hizi ni kanuni kati ya mwajiri wako na Home Office, akizivunja leseni yake iko hatarini, na hio ni fimbo kubwa kwako ukimwandikia barua, lakini hakimu hatafuta mstari wa mkataba kwa sababu tu Home Office hawaupendi. Hakimu ana maswali yake.

Na maswali yenyewe, sikilizeni. Swali la kwanza hakimu atakalouliza ni kama hicho kifungu ni adhabu. Sheria ya huku kwa adhabu kwenye mikataba imewekwa na Mahakama ya Juu mwaka 2015, kwenye hukumu moja iliyobeba kesi mbili, moja ya tajiri aliyeuza hisa za kampuni yake ya matangazo, na ya pili, wallahi, ya mtu aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya gari pale Chelmsford akapigwa faini ya pauni 85. Kea wa Mombasa anaishi chini ya kesi ya parking. Na yule mwenye gari alishindwa! Mahakama ilisema wanaangalia kama kiasi unachodaiwa kimepita mipaka kabisa ukilinganisha na maslahi halali ya anayedai, na 85 waliona haijapita. Kabla ya hapo watu walikuwa wanauliza tu kama pesa ni makadirio ya kweli ya hasara. Sasa mwajiri anaweza kusema mimi nina maslahi halali ya kutaka watu wangu wakae. Ni kweli anayo. Lakini 6,400 isiyoshuka hata ukifanya kazi miezi thelathini na tano, yenye ndani yake pesa ambazo kwa kanuni yeye mwenyewe ndiye alipaswa kuzibeba, hio ni ngumu kuitetea mbele ya mtu mwenye akili.

Alafu kuna mtego ambao hakuna grupu lolote la wasapu limewahi kunitajia. Hio sheria ya adhabu inafanya kazi pale ambapo pesa inadaiwa kwa sababu umevunja mkataba. Sasa mtu akitoa notisi yake vizuri, amevunja nini? Hajavunja kitu. Kwa hivyo mwajiri mjanja anaandika kifungu kama deni la kawaida, "ukiondoka kwa sababu yoyote utarejesha kiasi fulani", na wakili wake atakwambia hii si adhabu bali ni bei mliyokubaliana. Yule mama aliniambia mkataba wangu umeandikwa ovyo, sehemu moja unasema "ukivunja", sehemu nyingine "ukiacha", na uovyo wao ni faida yangu. Lakini wako wengine wameandikiwa vizuri, wawe macho.

Na ziko kesi waajiri walizoshinda, msidanganywe. Kuna ya Scotland ya 1984, mfanyakazi wa ustawi wa jamii alisomeshwa kwa gharama ya halmashauri kwa sharti arudi afanye kazi miaka miwili, hakumaliza, mahakama ikamwambia rejesha. Na kuna ya karibu zaidi na sisi, Cleeve Link, 2013. Kea kutoka Poland aliletwa na kampuni ya kuhudumia watu majumbani, akafukuzwa mapema, kampuni ikakata gharama za mafunzo kwenye mshahara wake. Mahakama ya kazi ilimpa haki yule dada, kampuni ikakata rufaa ikashinda. Kwa nini ilishinda? Manake mkataba ulisema gharama ni zipi, na kiasi kilikuwa kinashuka kadiri mtu anavyozidi kukaa. Kijana mmoja kati ya wale wawili aliniletea hukumu yenyewe imechapishwa, nikaisoma kwenye basi, nikaona tofauti na wangu ni kama usiku na mchana.

Serikali ya huku nayo ina mwongozo wake wa maadili ya kuajiri watu wa afya na uangalizi kutoka nje, wa England, na umegusia vifungu hivi vya marejesho moja kwa moja: viwe wazi tangu mwanzo, gharama ziwe za kweli na za kiasi, muda uwe wa kiasi na deni lipungue kadiri unavyokaa, na mwajiri alegeze pale mtu ana sababu ya maana ya kuondoka. Mwongozo si sheria, huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa mwongozo, lakini kuunukuu kwenye barua ni kitu kizuri sana, mwajiri anajua umekaa na mtu anayejua. RCN na UNISON, vyama vya wafanyakazi, wamepiga kelele miaka kadhaa sasa kuhusu haya mambo, wauguzi na makea wanaodaiwa maelfu ili waachiwe, kwa hivyo si kama ni siri.

Tukarudi kwenye jedwali. Zilizobaki bila njano: visa 284, ndege 620, mafunzo 1,200. Mafunzo yenyewe ni video za kwenye tableti na nusu siku ya kujifunza kumnyanyua mgonjwa kwa mashine, vitu ambavyo kampuni haiwezi kukuweka kazini bila ya wewe kuwa navyo. Mama akasema mafunzo ya lazima ya kazi hio hio ni magumu kumdai mtu, na ukikatwa kwa ajili yake mpaka malipo yako yashuke chini ya mshahara wa chini wa kisheria, hapo mwajiri ana matatizo mengine kabisa. Akapaka nusu nusu, na alama ya kuuliza pembeni. Ikabaki 904. Kwa kuwa nimefanya kazi mwaka mmoja kati ya mitatu, theluthi mbili ya hio ni kama pauni 600. "Hii," akasema, "hakimu anaweza kukwambia ulipe. Si lazima, lakini anaweza." Manake tiketi ile walilipa kweli, visa walilipa kweli, mimi ndiye niliyesafiri nayo.

Kutoka 6,400 mpaka 600 kwenye meza moja ya plastiki. Na hakunificha hizo 600. Hapo ndio nilimuamini.

Akaongeza jambo moja ambalo naona ni la kuandikwa kwa herufi kubwa: mwajiri aliyeahidi saa 39 akatoa 16 amevunja mkataba yeye kwanza, na aliyevunja kwanza kwa kiwango hicho anapata taabu sana kuja mahakamani kudai masharti ya mkataba huo huo. Ila uwe na ushahidi. Peslipu zote, picha za rota (ratiba ya shifti), meseji za "leo hakuna kazi". Mimi nlikuwa nazo zote kwenye simu, rota zao hubadilishwa kwenye programu bila kuacha alama kwa hivyo nlikuwa napiga picha ya skrini kila Jumapili usiku. Fanyeni hivyo hata kama mwajiri wenu ni malaika.

Kuhusu vitisho. Hili ni deni la madai, si jinai. Hakuna polisi, hakuna pingu. Akitaka kukudai kwa nguvu ni akushtaki mahakama ya kaunti, na madai ya chini ya pauni 10,000 kwa kawaida huenda njia ya madai madogo. Bahasha ya mahakama ikija USIITUPE, una siku 14 za kujibu, usipojibu mwajiri anapata hukumu bila hata kusikilizwa kwako, na hukumu hio ukiiacha bila kulipa inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita, utaiona ukitafuta nyumba ya kupanga. Wale wa "blok huyo meneja" hawakwambii hilo. Na Home Office si wakusanya madeni wa mtu yeyote. Mwajiri analazimika kuwaripotia kwamba umeacha kazi, ndani ya siku 10 za kazi, uwe unadaiwa au hudaiwi, hio ni wajibu wake wa leseni wala si silaha yake. Kama huna udhamini mwengine Home Office wanaweza kufupisha visa yako, kawaida wanakuachia siku 60. Sasa niambie, hapo kinachomshika mtu ni ile karatasi ya pauni 6,400 au ni zile siku 60? Mimi naona karatasi wanaitumia kukutisha usitafute mlango, lakini ukuta wenyewe ni visa. Tangu 22 Julai 2025 wamefunga kuleta makea wapya kutoka nje, kwa hivyo ukirudi nyumbani hurudi tena kwa njia hio, na waajiri wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kubadilisha mwajiri ukiwa humu humu ndani bado inawezekana. Mimi nilishika visa mpya mkononi kwanza ndio nikafungua mdomo.

Sasa ile nyota niliyoitoa. Hii kliniki haishughulikii mambo ya uhamiaji, ni kazi na mkataba tu. Sheria ya huku ni kali, ushauri wa uhamiaji anatoa mtu aliyesajiliwa tu, kwa hivyo ukiuliza "je visa yangu mpya itaathirika?" wale vijana wanabadilika rangi na kukupa karatasi yenye namba za watu wengine. Nawaelewa. Lakini kwa mtu wa visa yetu maswali hayo mawili ni swali moja, na lingeandikwa kwenye fomu ya kuomba miadi, si mtu umeomba ruhusa shifti nzima, umepanda basi mbili, ndio unaambiwa. Ukitaka pa kupata vyote pamoja kuna shirika la Work Rights Centre, lina ofisi London na Manchester, mimi sijalitumia.

Jengine, na hili lilinikera zaidi. Ukikatwa mshahara, muda wa kwenda mahakama ya kazi wakati nilipokwenda mimi ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja, na lazima uanzie Acas, wale wapatanishi wa serikali, bure, fomu ya mtandaoni. Barua yao ya ushauri inachukua wiki mbili, kabla ya hapo umengoja miadi, na siku ya kwanza hakuna aliyenitajia saa inayotembea mpaka nilipokuwa navaa koti. Kijana akasema "ah, na kuna Acas pia". Ah! Hio ingekuwa sentensi ya kwanza.

Na hawakuwakilishi. Wanakuandikia, wanakuelekeza, barua unaituma kwa jina lako. Mkalimani wa Kiswahili hawana. Kingereza changu ni cha kazi na kinanitosha, lakini niliona mama mmoja wa kutoka Bukavu pale nje ambaye Kifaransa na Kiswahili ndio lugha zake, akahojiwa kupitia simu ya mwanawe wa shule. Haifai.

Kitu chengine ambacho hawakuweza kabisa ni cha kule nyumbani. Ejenti wa Mombasa alimfanya mjomba wangu asaini udhamini, kwamba nikiondoka kazini mapema yeye atalipa. Wakili alilitazama dakika moja akalirudisha: hii ni sheria ya Kenya, siwezi kuigusa. Wiki ile ile nikapigiwa simu. "Mwanangu, kuna mtu amekuja hapa dukani anasema nina deni la Uingereza." Nikamwambia "Mjomba, shikamoo, usisaini kitu chengine chochote, mwambie alete kwa maandishi." "Nimemwambia alete na hati ya kuonyesha yeye ni nani," akasema, "akasema atarudi." Hajarudi. Lakini wenye kusafiri, kwa sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 mkataba wa kazi ya nje unatakiwa upitie kwa afisa wa kazi auhakiki na athibitishe kwamba umeuelewa na umekubali bila kulazimishwa, na ejenti awe amesajiliwa na mamlaka ya ajira. Wangu haukupita kwa afisa yeyote, na nikimuuliza ejenti ni nini kilichohakikiwa sijui atanionyesha nini.

Kwa walioko Marekani mnaoniuliza kama hii inawahusu, sheria ni nyingine kabisa, msichukue hesabu zangu. Lakini ndugu zetu manesi mnaokwenda kule, mjue kwamba New York mwaka 2019 jaji wa shirikisho aliikataa bondi ya dola 25,000 waliyowekewa manesi wa Kifilipino na kampuni za kundi la Sentosa, akasema ni adhabu isiyotekelezeka, na akaona vitisho vile vinavunja sheria ya kulinda watu dhidi ya biashara ya binadamu. Na wa visa ya kazi ya H-1B, kanuni zao zinakataza adhabu ya kuacha kazi mapema, ingawa zinaruhusu fidia ya kweli kwa sheria ya jimbo, na hapo kwenye "ya kweli" ndipo mawakili wanapokula.

Ilivyoniishia. Nilituma barua waliyonisaidia kuandika, kurasa mbili tu, hakuna matusi: nipeni risiti ya kila mstari, nielezeni kwa kanuni gani mnanidai tozo yenu na ada ya COS ya Februari 2025, nielezeni saa zangu 39 zilikwenda wapi. Kimya wiki nzima. Alafu ikaja imeili mpya, deni limekuwa 1,900, bila maelezo yoyote, kama bei ya sokoni Kongowea mtu akiona unageuka kuondoka. Mshahara wa mwisho wakaushika wote. Nikaingia Acas. Mpatanishi alipiga simu huku na huku, mwisho tukaandikiana makubaliano: wananilipa mshahara wote na likizo ambayo sikuichukua, wanakata 600, na deni limekwisha, hakuna mtu wa kumsumbua mjomba dukani. Wakili alisema ningeweza kupigania hata hizo 600 kwa sababu ya saa 39. Ni kweli ningeweza. Lakini nlikuwa nimeanza kazi mpya, shifti za usiku, na ndege ile nilipanda mimi.

Kwa wanaotaka kwenda: chukua COS yako au namba yake na tarehe, ofa uliyotumiwa ukiwa nyumbani, mkataba uliosaini huku (viwe vyote viwili, tofauti baina yao ndio mchezo wenyewe), peslipu, picha za rota, na imeili ya bili. Usiende na hadithi ndefu ya meneja alivyo mbaya, hawana muda nayo, nusu saa ya kwanza niliimaliza hivyo na vijana wakaandika ukurasa mzima ambao haukutumika. Kama uko chamani, UNISON au RCN, anza huko, ila vyama vingi havishiki kesi iliyoanza kabla hujajiunga. Fomu ya Acas unaweza kuijaza hata kabla ya miadi. Na fomu ya kliniki yetu hufunguliwa Ijumaa saa tatu asubuhi, kabla ya adhuhuri nafasi zimekwisha, kwa hivyo mwenye shifti ya asubuhi ampe mtu mwengine amjazie.